Aanze na Maji

Mimi nanunua kuku. Naitaja kazi yangu mapema kwa sababu bila kuijua hutaelewa kwa nini basi likipita kijijini kwetu likatikisika, magurudumu ya mbele kisha ya nyuma, mimi huangalia chini.

Kijiji chetu kiko barabarani, upande wa Ikungi, kwenye lami inayotoka Singida mjini kwenda Manyoni na kuendelea mpaka Dodoma. Hatukuichagua lami hiyo. Wazee wetu walikuwa wakiishi ndani, kila ukoo na mashamba yake na makaburi yake, mpaka enzi zile za watu kuhamishiwa vijijini walipoambiwa wasogee barabarani ili huduma ziwafikie. Wakasogea. Wakajenga nyumba kwa mstari, milango ikitazama barabara, wakasubiri huduma. Baadhi walichoka kusubiri, wakarudi ndani kimyakimya kwenye mahame yao. Ndiyo maana leo tuko vijiji viwili ambavyo ni watu wamoja: sisi wa barabarani, na wao wa ndani. Mke wangu ni wa ndani.

Ukikaa barabarani unaona dunia inavyopita. Malori ya mafuta ya Rwanda na Kongo yanapita. Mabasi ya Mwanza yanapita. Nguzo za umeme mkubwa zinapita, na kwa miaka mingi nyaya zake zilikuwa zikiimba kwa upepo juu ya nyumba zinazowasha kibatari. Babu yangu alikuwa akisema hata Mjerumani alitupita: reli aliipeleka Itigi, kule kwenye vichaka na asali, kwa hiyo watu wa Itigi wakapata stesheni na sisi tukapata habari ya stesheni. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa Itigi ana duka na mtu wa kwetu ana kuku, tafuta mstari uliochorwa kwenye karatasi na mtu ambaye hajawahi kulala huku hata siku moja.

Kitu pekee ambacho kilikuwa hakipiti ni maji.

Kiangazi wanawake wa ndani huchimba mchanga kwenye korongo, wanasubiri shimo litoe maji, wanachota kwa kikombe mpaka ndoo ijae. Kuna kisima kimoja cha zamani, lakini maji yake yana chumvi hata ng'ombe huyanusa kwanza na kufikiri. Sisi wa barabarani tuna nafuu kidogo, kwa sababu gari la maji hutoka Ikungi kuja kutuuzia. Wakati ninaousimulia, wataalamu walikuwa wameshakuja karibu na shule, mahali ambapo ni katikati yetu na wao. Wakapima, wakapiga vigingi vinne, wakasema maji yapo, tena matamu, ila yako chini sana. Unahitajika mtambo wa kuchimba. Na mtambo, tukaambiwa, hauji mpaka mkubwa wa serikali aseme neno.

Sasa nieleze namna ninavyonunua kuku, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ukiingia kwenye mji wa watu kwa ajili ya tetea mmoja mnene, usimtazame tetea. Mtazame jogoo. Uliza bei ya jogoo, shtuka, shika kiuno, sema, "Kwa bei hiyo huyu jogoo anajua kusoma?" Mwenyewe atacheka. Bishaneni juu ya jogoo mpaka mchoke wote wawili. Halafu, ukiwa umeshageuka kuondoka, sema kinyonge, "Basi nipe hata hako kajike, nisirudi mikono mitupu." Atakupa, tena kwa bei nzuri, kwa sababu ameshakunyima kitu kimoja na roho inamsuta. Neno hilo "hata" limelisha watoto wangu na kuwavalisha sare. Nikishanunua nahesabu mara mbili, kuku wakiwa chini wamefungwa miguu, kisha wakiingia kwenye tenga. Hesabu zisipolingana najua kuna kuku amerudi kwao, na huwa hajarudi kwa miguu yake.

Shida yangu ilikuwa mabasi. Soko la kuku wetu liko Dar es Salaam, na mabasi ya masafa marefu yalikuwa yakipita kwetu kama yanafukuzwa. Dereva hasimami kwa ajili ya matenga matatu. Ilinibidi nikodi pikipiki mpaka stendi ya Ikungi, na kuku wakifika nusu wamelegea kwa jua. Hili nalo nalitaja mapema. Utalihitaji mbele.

Siku moja mtendaji wa kijiji akatuita shuleni. Mkubwa alikuwa katika ziara ya mkoa na angesimama kwetu dakika chache. Tulijibana darasani kwenye madawati ya watoto, watu wazima magoti yamegusa kidevu. Watu wa ndani nao walikuja, kwa sababu kwao hakuna barabara ya kupitisha msafara, na mkubwa hasikii asipopita. Kama walitaka kusema jambo, ilibidi waliseme kwenye lami yetu, kwa mdomo wetu.

"Msemaji ni mmoja," mtendaji akasema. "Na ombi ni moja. Msije mkanifanyia kama mwaka ule, kila mtu na shida zake."

"Aseme mwenyekiti," mtu mmoja akatoa wazo.

"Mimi nikisikia king'ora ulimi unakuwa mzito," mwenyekiti akajibu, na hakuna aliyembishia.

Ndipo mama mmoja wa kule nyuma akasema, "Mpeni mwenye kuku. Huyo alishaniuzia jogoo wangu mwenyewe."

"Hakuwa wako, mama," nikasema. "Alifanana tu."

"Alikuja akinifuata mpaka jikoni!"

Darasa zima likacheka, na kwa kicheko hicho nikawa nimechaguliwa. Sitasema uongo, nilivimba. Mtu anayebishana kila siku juu ya kuku, sasa akabishane na serikali. Nilijiona nimepanda daraja.

Nje, mama mkwe wangu alikuwa amesimama na mke wangu. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono wala hawatazamani usoni, na kama wana jambo linapitia kwa mtu wa tatu. Anaweza kuwa karibu nawe kiasi cha kusikia unavyopumua, lakini maneno lazima yazunguke kwanza. Nikasimama upandeupande, namtazama mbuzi aliyekuwa pale, mbuzi ambaye wala sikuwa na haja naye.

"Mwambie aanze na maji," mama mkwe akamwambia mke wangu.

"Mama anasema uanze na maji," mke wangu akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Kwenye maji nitafika."

"Anasema atafika."

"Asifike. Aanze."

"Anasema—"

"Nimesikia. Mwambie mama biashara haifunguliwi hivyo. Ukimwonyesha mwenye mali kile unachokitaka, umekwisha."

 Mama mkwe akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mtoto njia, "Mwambie mume wako mimi sijamtuma kununua. Nimemtuma kuomba."

Mke wangu hakuirudia hiyo. Aliona imefika.

Ilifika, lakini sikuipokea. Nilirudi nyumbani nikawaza, nikatafuta jogoo wangu, kitu kikubwa cha kuomba kwanza ili ninyimwe, mkubwa aone haya, kisha niseme "basi tupe hata kisima." Nikampata bila taabu. Matuta. Kwa miaka tulikuwa tumelilia matuta barabarani kwa sababu ya magari kugonga mbuzi na wakati mwingine watu, na kila mara jibu lilikuwa moja: hii ni barabara kuu, haiwekwi matuta hovyo. Mtendaji mwenyewe alishalisema hilo mpaka akachoka. Kukataliwa kwake kulikuwa na uhakika. Nilifanya mazoezi mbele ya matenga. Kuku walisikiliza vizuri kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Siku ilipofika tuliambiwa saa nne tuwe tumejipanga. Watoto wa shule walianza kuimba saa nne na wakaishiwa nyimbo kabla ya adhuhuri. Wanawake wa ndani walikuwa wametembea tangu alfajiri, na kila mmoja alikuja na ndoo tupu kichwani, kwa hiari yao, bila kuambiwa na mtu. Walitaka mkubwa azione. Mama mkwe wangu alikuwa mbele na ndoo ya bluu yenye ufa uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyushwa.

Mtendaji aliziona kabla ya mkubwa.

"Jamani, mama zangu, shikamooni. Ndoo hapana."

"Marahaba. Kwa nini hapana?"

"Mgeni hapokelewi kwa ndoo tupu. Itaonekana kama maandamano. Nani atakuja kuulizwa? Mimi."

Wanawake wakatazamana. Nami, msemaji wao, nikatia neno langu. Nilisema, "Wekeni tu nyuma ya darasa, mama zangu. Mimi nitayasema." Ndoo zikapelekwa nyuma ya darasa, zikapangwa ukutani. Nilizihesabu nikiwa na wasiwasi wa kusimama mbele za watu, kwa sababu kuhesabu kunanituliza. Nikazihesabu tena. Zililingana.

Msafara ulikuja jua likiwa limeanza kuinama. Pikipiki, magari meusi, gari la spika, vumbi la pembezoni mwa lami. Mkubwa akatokeza kwenye paa la gari lake, amevaa kofia, anacheka na watu. Alikuwa mtu mcheshi, na nilimpenda papo hapo kama ninavyompenda mnunuzi mcheshi, kwa tahadhari.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo!"

"Haya, nani anasema? Nina haraka, kule mbele wananisubiri."

Kipaza sauti kikaletwa mkononi mwangu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhania. Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikasifia lami. Nikasema, "Mheshimiwa, lami yetu ni nzuri, ila magari yanapita hapa kama yameiba kitu. Kuku wetu wamejifunza kuvuka kwa kuruka." Watu wakacheka. Mkubwa akacheka. Nikahisi mkono wangu umeshika bei. "Kwa hiyo ombi letu, Mheshimiwa, tunaomba matuta."

Nikanyamaza. Hapo ndipo mwenye mali anapotakiwa kusema haiwezekani.

Mkubwa akaegemea paa la gari. "Hilo tu?"

Sokoni mtu akikuuliza "hilo tu?" hutakiwi kujibu haraka. Anakupima. Ukijibu haraka anajua unalo jingine, na hilo jingine atalipandisha bei. Unatakiwa unyamaze kidogo, ushushe pumzi, uangalie pembeni. Miaka yote hiyo ya kuku ilikuwa imenifunza hivyo, na mwili wangu ukafanya ulivyofunzwa. Nilishusha pumzi. Nikaangalia pembeni.

"Mhandisi wa barabara yuko wapi?" mkubwa akasema. "Njoo hapa, mzee, usijifiche. Umesikia wananchi? Wanataka matuta. Nikirudi nataka nipite juu yake mwenyewe. Sawasawa?"

"Sawasawa, Mheshimiwa."

"Mnasemaje wananchi?"

Watu wa barabarani wakapiga makofi, vigelegele, gari la spika likafungulia muziki. Kijana mmoja akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, kwa adabu, kama anavyochukua kikombe kwa mgeni aliyemaliza chai. "Na maji!" nikasema. "Mheshimiwa, hata kisima!" Nilikuwa nimelifikia lile neno langu "hata", lakini bila kipaza sauti. Mkubwa akaona mdomo wangu unacheza, akanipungia mkono. Magari yakaondoka.

Watu wa kwetu walikuwa bado wanacheza. Wanawake wa ndani hawakucheza. Waliondoka mmojammoja kwenda nyuma ya darasa, wakatoka na ndoo zao, wakashika njia. Nilisimama mahali ambapo ilibidi wapite. Hakuna aliyenitukana. Ningependa kutukanwa, kwa sababu mtu akinitukana najua pa kuanzia. Mama mkwe alipita amenigeuzia bega kama desturi inavyotaka, na siku hiyo desturi ilinifaa.

Matuta yalikuja. Sikujua serikali ina mwendo wa namna ile. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele kulikuwa na gari la kokoto, watu wenye fulana za rangi ya machungwa, lami inayotoa moshi. Waliweka upande wa kuingilia kijijini na upande wa kutokea, yakapigwa mistari myeupe, na kibao kikasimikwa. Vile vigingi vinne vya kisima vilikuwa bado vimesimama karibu na shule. Baadaye viwili vililiwa na mchwa. Kimoja mtu alifungia mbuzi. Cha nne sijui kilikwenda wapi.

Na mabasi yakaanza kupunguza mwendo.

Huo ndio ukweli ambao sijawahi kuupatia mahali pa kuukalisha. Basi likifika kwenye matuta linatambaa. Likitambaa, utingo anaruka chini. Akiruka chini, matenga yangu yako tayari pembeni, na kufumba na kufumbua kuku wako juu wanakwenda Dar es Salaam. Sihitaji tena pikipiki ya kwenda Ikungi. Kuku hawalegei tena. Makondakta wakanibatiza, wakiwa mbali wanapaza sauti, "Matuta! Bwana Matuta! Leta kuku!" na abiria wanachungulia madirishani kumtazama mtu mwenye jina hilo.

Haikuchukua muda mke wangu akarudi kutoka kwao na swali. Alilileta akiwa anachambua mchicha, hakuniangalia.

"Mama anauliza. Mabasi sasa yanasimama?"

"Yanapunguza mwendo."

"Na kuku wako unawapakilia hapohapo?"

"Hapohapo."

Akaendelea kuchambua. Mchicha wenyewe ulikuwa kidogo lakini aliuchambua muda mrefu.

"Amesema nini tena?" nikamuuliza.

"Hakusema kitu. Ameuliza tu."

Ningeapa kwamba sikupanga. Lakini ningemwapia nani? Ningesema nilikuwa nimejificha nyuma ya jogoo, kwamba matuta yalikuwa ya kunyimwa, kwamba nilikuwa na neno "hata" mdomoni? Mtu yeyote angecheka. Mbaya zaidi, nilipokaa peke yangu na kuihesabu nia yangu, mara ya kwanza ilikuja safi. Mara ya pili haikulingana. Katika vitu vyote vya ulimwengu vya kuomba nikijua nitanyimwa, hospitali, chuo, uwanja wa ndege, kwa nini nilichagua kile ambacho nikipewa kinanifaa mimi? Mfanyabiashara huwa hachagui jogoo ambaye hawezi kumla. Sikuijua hiyo kama kanuni mpaka nilipoiona imetoka mdomoni mwangu, mbele ya watu, kwa kipaza sauti.

Nilijaribu kurekebisha. Nilivaa shati la Jumapili nikaenda kwenye ofisi moja wilayani kuulizia kisima. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu nzuri, aliniamkia, akanipa kiti.

"Kijiji chenu, mzee, kiliomba na kikapewa," akasema, kwa furaha ya kweli. "Nyie mmetekelezewa kabla ya wengine wote. Tunawatolea mfano."

"Lakini ombi lenyewe lilikuwa maji."

"Aliyeomba alisema matuta. Mimi nilikuwepo siku ile, nilikuwa gari la nyuma. Yule bwana alikuwa mchekeshaji sana."

"Ndiye mimi."

Akanitazama, akacheka, akanipa mkono tena. "Hongera, mzee," akasema.

Mjini Singida nako habari ilishanitangulia. Kuna mzee wa Kihindi ninayenunua kwake kamba na ndoo, familia yake iko mjini hapo tangu kabla babu yangu hajavaa viatu. Nilipoingia tu akanyoosha mikono.

"Karibu, Bwana Matuta! Gari langu limevunjika springi pale kwako. Utanilipa lini?"

"Mungu atakulipa, mzee."

"Mungu ana kazi nyingi. Lipa wewe." Akacheka, akanipimia kamba. Kisha, akiwa anaikata, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini maji mlipata? Ulisema mnachimba kisima. Mimi niliagiza mabomba, nikasema watu wa huko watayataka."

Nikajifanya nakagua kamba kama ina kasoro. Haikuwa nayo.

Kijiji cha barabarani kilibadilika. Mahali basi linapotambaa, watu wanauza. Vitunguu, mayai ya kuchemsha, mafuta ya alizeti kwenye chupa za plastiki zinazong'aa juani. Baadaye yakaja pia maji, maji ya chupa yanayoletwa kutoka mjini, baridi, kwenye madeli. Wasichana wa ndani, wale ambao mama zao walikuwa kwenye mchanga wa korongo, wakawa wanakimbia pembeni ya mabasi wakiinua chupa za maji kwa abiria wanaokwenda mahali penye bomba. Niliona hilo kila siku nikipakia kuku. Sikumwambia mtu kwamba nimeliona.

Na mama mkwe wangu, tangu swali lile la mabasi, hakunitumia neno hata moja, si kwa kupitia mke wangu, si kwa kupitia mbuzi.

Mwaka uliofuata kiangazi kikali kilipokuwa kimeshikilia, tukasikia mkubwa anarudi. Safari hii msafara haukupangiwa kusimama kwetu. Mtendaji alikwenda kuulizia, akaambiwa sisi tumeshahudumiwa, kuna vijiji bado havijapata kitu. Ilikuwa haki. Hakukuwa na mkutano wala msemaji, na kama ungekuwepo nisingechaguliwa hata kushika kamba ya mbuzi.

Wanawake wa ndani walikuja vilevile. Nilikuwa na matenga yangu pembeni ya tuta, nasubiri basi, nikawaona wanatokea njia ya shule, ndoo kichwani. Mtendaji akawakimbilia.

"Mama, shikamoo. Mama yangu, hizi ndoo tulishazungumza."

"Marahaba," mama mkwe akasema. "Mwaka jana niliificha. Ulinipa nini?"

Mtendaji akanitazama mimi. Nikahesabu kuku.

Wakajipanga pale pale kwenye matuta, pembeni ya mistari myeupe, kila mmoja ameshika ndoo kwa mikono miwili, mdomo wa ndoo ukitazama barabara ili walio ndani ya magari waone kwamba ni tupu. Hawakuimba.

King'ora kikasikika. Gari la spika likatangulia, likapanda tuta, likashuka, na sauti ikatangaza, "Mnaona wananchi? Tuliahidi, tumetekeleza! Tuliahidi, tumetekeleza!" Magari meusi yakafuata, na ingawa hayakupangiwa kusimama, yalilazimika kutambaa, kwa sababu nilikuwa nimeomba yatambae. Vioo vilikuwa vyeusi. Mkubwa hakutokeza juu. Kila gari lilipanda na kushuka, na kwa muda mfupi ule wa gurudumu la mbele na la nyuma, ndoo ya mama mkwe ilikuwa usawa wa dirisha.

Kwenye gari mojawapo, sijui kama ndilo lake, kioo kilishuka kidogo. Mkono ukatoka, mkono msafi wenye saa, umeshika chupa ya maji. Sauti ya ndani ikasema kwa huruma, huruma ya kweli, naweza kuapa, "Pole mama, jua kali." Chupa ikaachiwa ndani ya ndoo. Ilitoa mlio wa kitu kinachogonga plastiki tupu. Kioo kikapanda, na msafara ukakolea mwendo ukashika njia ya Manyoni.

Wanawake wakabaki wamesimama. Mmoja akaanza kucheka, akaacha.

Mama mkwe akaangalia ndani ya ndoo yake. Kisha akaja. Hakwenda kwa mke wangu, ambaye alikuwa amesimama upande wa pili na mayai yake ya kuuza. Alivuka mstari mweupe akaja moja kwa moja kwangu, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanitazama usoni. Sikujua pa kuweka macho yangu, na mbuzi safari hii hakuwepo. Akanisogezea ndoo.

"Mkwe," akasema. "Wewe ni mtu wa hesabu. Hesabu."

Nikachungulia. Chupa ilikuwa ndogo, ya nusu lita, imetoka jasho kwa baridi, imelala pembeni ya ule ufa uliozibwa.

"Moja, mama," nikasema.

"Hesabu tena."

Nyuma yake wanawake walikuwa wanasubiri na ndoo zao. Basi la Dar es Salaam lilikuwa limefika, linapanda tuta taratibu, utingo anapiga ubavu wa gari na kuita, "Bwana Matuta! Kuku wako wapi? Leta kuku!"

"Moja," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hesabu zimelingana. Akajitwika ndoo, chupa ikagongagonga ndani, akashika njia ya kurudi ndani pamoja na wenzake. Basi lilitambaa, likasubiri kidogo, likaondoka. Kuku wangu wote walikuwa bado chini.